Gari Kuukuu la Familia: Lipi la Mwenye Gari na Lipi la Fundi

Maelezo ya mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Usiku wa manane, mtoto anaposhikwa na degedege, au mama mjamzito anapofikwa na uchungu kabla ya siku zake, mlango unaobishwa ni wa jirani mwenye gari. Hakuna anayeuliza gari hilo lilitoka kiwandani mwaka gani, wala rangi yake imechujuka kiasi gani. Huulizwa jambo moja tu: je, litawaka? Likishawaka, huja swali la pili ambalo aghalabu hakuna anayelitamka: je, litasimama?

Kwa sababu hiyo, gari dogo linaloegeshwa chini ya mwembe, ijapokuwa ni mali ya kaya moja, huduma yake ni ya mtaa mzima. Hupeleka wagonjwa zahanati, hubeba maharusi, hurudisha wafiwa kutoka mazishini, na siku za gulio hubeba magunia. Matengenezo yake, basi, si jambo la mwenye gari peke yake, na ndiyo maana yamepewa nafasi katika mkutano unaozungumzia huduma za jamii.

Mfano wa kufaa ni Toyota Starlet, gari ambalo kila mkazi analijua kwa sura. Starlet hiyo ya zamani iliacha kutengenezwa mwaka 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote za aina hiyo imekwisha kupita robo karne. Nyingi zilitembea Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda meli, kisha zikaja kukutana na vumbi, mashimo na makorongo ya huku. Kwamba bado zinatembea ni sifa ya waliozitengeneza, na ni sifa kubwa zaidi ya wanaozitunza.

Wengi wa wanaozitunza hufanya kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe. Sababu zao zinaeleweka: gereji iko mbali, ujira wa fundi unashindana na ada ya shule, na gari lenyewe si la mafumbo mengi. Ukifungua boneti ya Starlet unaiona injini yote, na mkono unapita. Mwenye gari anayejua kufungua boneti yake anastahili pongezi, maana ndiye hugundua ufa kabla haujawa ukuta. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mkono usiofundishwa ukiyagusa, anayelipa gharama si mwenye gari pekee. Hulipa pia abiria wake, na mtembea kwa miguu aliyekuwa akivuka barabara.

Mpaka kati ya mambo hayo unaweza kuwekwa kwa kanuni moja nyepesi. Kosa ambalo litajionyesha gari likiwa limesimama nyumbani, mwenye gari anaweza kulijaribu. Kosa ambalo litajionyesha gari likiwa katika mwendo, amwachie fundi. Kwa maneno mengine, mambo ya kuwaka ni ya mwenye gari, na mambo ya kusimama ni ya fundi.

Dakika tano za asubuhi

Kazi ya kwanza ya mwenye gari haihitaji spana. Kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare, achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute kwa kitambaa, akirudishe, akichomoe tena, kisha asome. Oili inatakiwa kuwa kati ya alama mbili. Ikipungua, aongeze kidogo kidogo huku akipima, kwani oili iliyozidi nayo hudhuru. Ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, hiyo ni dalili kwamba maji yamepenya ndani ya injini, na gari halipaswi kuwashwa.

Baada ya hapo atazame maji ya rejeta, maji ya wipa na kiwango cha mafuta ya breki katika kikopo chake. Azunguke gari akitazama tairi na taa. Mwisho atazame ardhi pale gari lilipolala. Doa jipya chini ya gari ni barua: jeusi na la utelezi ni oili ya injini, lenye rangi ya kijani au nyekundu na lililo jepesi kama maji aghalabu ni maji ya rejeta, lililo karibu na gurudumu, la mafuta mepesi, huenda ni mafuta ya breki. Barua hiyo ya mwisho haifai kuachwa mpaka kesho.

Maji na joto

Magari makuukuu mengi hufa kwa joto kuliko kwa uzee. Maji ya ndani ya rejeta hubanwa na kifuniko chake, na kwa kuwa yamebanwa huweza kuvuka nyuzi joto 100 bila kuchemka. Siku mtu anapofungua kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, maji hayo huchemka papo hapo na kumrukia usoni. Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame pembeni, azime injini, aweke pembetatu za tahadhari, na angoje mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono. Kungoja nusu saa au zaidi barabarani ni bora kuliko kuuguza uso kwa miezi.

Maji matupu ya kisimani huacha chumvi na kutu ndani ya mifereji myembamba ya rejeta, hata ikaziba. Dawa ya rejeta, iitwayo kulanti, huzuia kutu na huongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Mwenye gari anaweza kuibadilisha mwenyewe injini ikiwa baridi, akikagua pia kama hozi za mpira zimevimba au kupasuka. Jambo moja lingine: wapo wanaong'oa themostati wakidhani kwamba bila hiyo gari litapoa zaidi. Themostati ndiyo inayoiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kubaki nalo. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula petroli zaidi na huchakaa mapema. Gari linalochemka lina ugonjwa ambao haujatafutwa, na kung'oa kipimajoto hakumponyi mgonjwa.

Umeme

Asubuhi gari lisipowaka, mshukiwa wa kwanza ni betri. Mara nyingi hali haijafika mahali pa kununua mpya: vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe au wa kijani, na umeme haupiti. Kuvisafisha kwa maji ya moto na brashi, kisha kuvikaza, ni kazi ya mwenye gari. Utaratibu wake ni mmoja: waya wa hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi huzua cheche kali, na karibu na betri huweza kuwapo hewa inayolipuka.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kujua mengi zaidi. Betri iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kinatakiwa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kisipopanda, betri inasingiziwa; huenda mgonjwa ni altaneta au mkanda wake.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kipimo kilekile. Desturi ya kuziba nafasi yake kwa waya au kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara imeunguza magari. Fyuzi hukatika ili waya usiungue, hivyo anayeinyima nafasi ya kukatika anauchagulia moto mahali pengine. Fyuzi mpya ikikatika tena, hitilafu iko mbele, na ni ya fundi wa umeme.

Oili na plagi

Kubadilisha oili ya injini pamoja na filta yake, kubadilisha plagi nne na kusafisha filta ya hewa ni kazi ambazo mtu mtulivu anaweza kuzifanya kwa mchana mmoja. Injini ya Starlet ya ukubwa wa lita 1.3 huchukua takriban lita 3 za oili. Afungue kwa uangalifu, arudishe kila nati ilipotoka, awashe, kisha atazame chini kama kuna kinachovuja. Hapo kanuni ya mpaka inajieleza yenyewe: akikosea, gari litamwambia likiwa bado uani.

Jambo moja la injini hiyo lisifanyiwe uani. Starlet ya lita 1.3 hutumia mkanda wa taimingi, wenye meno, ambao hubadilishwa gari linapofikisha takriban kilometa 100,000 tangu ulipowekwa. Vitz na IST hutumia mnyororo badala yake. Mkanda hauonekani kwa nje na hautoi taarifa. Siku ukikatika, injini huzimika palepale, hata kama ni katikati ya mlima nyuma ya lori. Aliyenunua gari mkononi mwa mtu na hajui mkanda ulibadilishwa lini, ahesabu kwamba haujabadilishwa.

Mvunguni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ajilaze chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Jeki inayokuja na gari ilitengenezwa kwa kazi moja, kubadilisha tairi, na wakati wa kazi hiyo hakuna kiungo cha mwili kinachopaswa kuwa chini ya gari. Starlet ni gari jepesi, lakini wepesi huo ni kilo 800 hivi. Jeki ikiteleza kwenye mchanga, hakuna anayewahi kutoka.

Kwa kazi ya chini ya gari hutumika stendi za chuma zilizotengenezwa kubeba uzito huo, juu ya sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa mbele na nyuma. Tofali la saruji halifai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kulalamika. Mawe yaliyopangwa hayafai. Asiye na stendi, kazi ya mvunguni si yake. Na watoto wasikae karibu, hata kwa kushika tochi.

Kubadilisha tairi ndiko mahali pekee ambapo kanuni ya mpaka inalegezwa, kwa sababu pancha haingoji fundi. Nati ifunguliwe kidogo gari likiwa bado chini, kisha liinuliwe. Wakati wa kufunga, nati nne za gurudumu hukazwa kwa kukingamana, si kwa kuzunguka, na hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limeshushwa. Baada ya kilometa 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Gurudumu lililochomoka halimbagui aliyekuwa na haraka na aliyesahau.

Breki na usukani

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Starlet, kama ilivyo Vitz, aghalabu ina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mwenye gari anapotazama fundi akibadilisha pedi za mbele huona bolti chache na kazi ya nusu saa, akajisemea kwamba mara ijayo atafanya mwenyewe. Asichokiona ni kile fundi alichokifanya bila kukitangaza.

Ili pedi mpya ziingie, pistoni hurudishwa nyuma. Kwa hiyo pedeli ya breki, ikikanyagwa mara ya kwanza, huzama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Fundi huikanyaga mara kadhaa kabla gari halijasogea, mpaka irudi kuwa ngumu. Mtu ambaye hakufundishwa huweza kuondoa gari, akakumbuka breki anapofika njia panda. Vivyo hivyo, hewa kidogo iliyobaki katika bomba, au grisi ya kidole iliyopakaa kwenye kiatu cha breki, havionekani gari likiwa limesimama. Huonekana barabarani, na kwa wakati mmoja tu.

Kwa hiyo kuona ni kazi ya mwenye gari, na kufungua ni kazi ya fundi. Mwenye gari asikilize mlio wa chuma kwa chuma. Ahisi kama pedeli imekuwa laini, inatetemeka au inashuka taratibu inapokanyagwa. Aangalie kama gari linavuta upande mmoja, kama usukani una mchezo uliozidi, kama kuna mgongano wa chini kila linapopita shimo. Pedi zikibakiwa na unene wa milimita 3 hivi, muda wake umekwisha. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishanyonya, huchemka kwa joto dogo zaidi, na kwenye mteremko mrefu breki zinaweza kupotea. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama kikopo kimejaa.

Vumbi la ndani ya ngoma za breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Baadhi ya pedi na viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ushauri huu ni kwa mafundi pia.

Fundi wa kuaminiwa ni yule aliyefundishwa, iwe katika chuo cha ufundi stadi cha VETA au kwa miaka mingi mikononi mwa fundi mkuu, na ambaye haoni haya kumwonyesha mteja kipuri kilichotolewa na kilichowekwa. Akimaliza kazi ya breki, ajaribu gari yeye mwenyewe, taratibu, mahali pa wazi, mwenye gari akiwa kando yake.

Vipuri na tairi

Vipuri vilivyotumika vina nafasi yake: mlango, kioo, taa, hata stata. Pedi za breki, viatu vya breki, hozi za breki na mikanda havina nafasi hiyo. Vinunuliwe vipya, na mnunuzi asisite kulinganisha kipya na cha zamani kabla ya kutoa fedha. Kuhusu tairi, ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyoandikwa 2312 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hata meno yake yakiwa marefu, mpira umezeeka.

Kinachobaki baada ya kazi

Kazi ya uani huacha taka, na taka hizo ndizo humfikia jirani hata asiyewahi kupanda gari hilo. Oili chafu ikimwagwa kwenye mtaro husafiri na mvua mpaka mtoni, au huzama taratibu kuelekea kisimani. Haiozi upesi, na ina mabaki ya madini kutoka ndani ya injini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga mafuta kwenye maji au mahali pengine pa mazingira. Oili hiyo ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, isichanganywe na petroli wala maji, na ipelekwe kwenye gereji inayokusanya. Mahali pasipo na gereji ya namna hiyo, afisa afya wa kata aulizwe kabla dumu halijamwagwa. Anayeishika mara kwa mara avae glavu na anawe kwa sabuni, kwani kugusana nayo kwa muda mrefu kumehusishwa na saratani ya ngozi.

Kuna hatari nyingine ndogo kwa umbo. Kulanti ina ladha tamu, na ni sumu. Mafuta ya breki, petroli na maji ya betri hufanana na vinywaji vinapowekwa katika chupa za soda au za maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Vitu hivyo vibaki katika vyombo vyake, juu, penye kufuli.

Neno la mwisho

Mwenye gari ashauriwe kuwa na daftari dogo ndani ya gari: tarehe, kilometa, kilichofanyika, aliyekifanya. Gari lenye daftari lina kumbukumbu, na fundi mgeni huanzia pale mwenzake alipoishia. Akumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Kusema kwamba lilikuwa safari ya kumsaidia jirani hakulitengenezi gari.

Ndugu wakazi, mlango utabishwa tena usiku mmoja. Mwenye gari anayelijua gari lake atajibu maswali yote mawili kwa ukweli. Atasema linawaka na litasimama, nao wataondoka. Au atasema linawaka, lakini breki zake zinangoja fundi, kisha atavaa viatu na kwenda pamoja nao kubisha mlango wa jirani mwingine. Jibu hili la pili ni gumu kulitoa mbele ya mzazi aliyebeba mtoto. Lakini aliyelitoa naye amemsaidia mtoto huyo, na jirani zake hawapaswi kumlaumu.